Barua ya wazi kwa wakubwa wa biashara, bandari na vyuo: vijana wanamaliza digrii hawajawahi kushika BL, hati ya mzigo wa meli

Shikamooni wakubwa zangu. Nawaandikia nyie mnaosimamia wizara ya viwanda na biashara, wakuu wa vyuo vinavyofundisha biashara ya kimataifa, mabosi wa bandari na forodha, mameneja wa mabenki, na pia sisi wenyewe wenye maofisi ya kuklia mizigo, yani kuitoa forodhani na bandarini, maana na sisi tumo humu humu. Ofisi yangu ipo Kurasini, chumba kimoja meza tatu, nikifungua dirisha naona malori ya Zambia na Kongo yamejipanga yanasubiri kuingia na honi haziishi mpaka usiku. Hii kazi naipenda. Imenisomeshea wadogo zangu wawili, ndo maana nimeona nisikae kimya.

Wiki mbili zilizopita alikuja kijana ofisini kuomba kazi. Shati jeupe limepigwa pasi, bahasha ya kaki mkononi, digrii ya biashara ya kimataifa, GPA nzuri kabisa. Nikampa kiti, nikamuuliza BL ni nini. Hakusita hata kidogo, akasema kaka, ni risiti kwamba mwenye meli amepokea mzigo, ni ushahidi wa mkataba wa kuusafirisha, na ni hati ya umiliki. Sawasawa, yote matatu. Basi nikachukua kopi ya BL ya mteja wangu, nimeziba majina kwa kalamu nyeusi, nikamwekea mezani nikamwambia haya hii ndo yenyewe, nionyeshe mzigo huu ni wa nani. Akaigeuza. Akaigeuza tena. Akaanza kusoma yale maandishi madogo ya nyuma ambayo sisi tunayasoma pale tu panapokuwa na kesi. Kidole chake kikapita juu ya kisanduku cha mpokeaji palipoandikwa kwa oda ya benki, kikapita moja kwa moja, kikaenda kusimama kwenye jina la meli. Hakujua kwamba yale maneno yanamaanisha mteja wangu hawezi kuligusa hilo kontena mpaka benki igonge muhuri nyuma ya ile karatasi halisi na kumwachia. Feni ilikuwa inazunguka lakini jasho lilikuwa linamtoka.

Nikamuuliza taratibu, umewahi kuiona hii kabla? Akasema kaka, naiona leo.

Miaka mitatu. Ada imelipwa miaka mitatu, mama yake anauza samaki Feri, na chuo alichosoma ukitoka hapo ni daladala moja tu mpaka geti la bandari. Sikumcheka na sitaki mtu amcheke, maana yule kijana ana kichwa, kila nilichomuuliza cha kwenye kitabu alikijua. Tatizo ni kwamba hakuna mtu aliyewahi kumuwekea karatasi yenyewe mkononi.

Naongea hivi kwa sababu mimi nilikuwa yeye. Nilivyofika mwaka wa pili chuo kilinipa barua ya fildi nikaambiwa nitafute ofisi mwenyewe, nikaanza kutembea Samora, Sokoine Drive, Posta yote mpaka mtaa wa Ohio, kila ofisi naacha barua kwa mlinzi. Ofisi moja ikanichukua, tena kwa sababu mjomba wa rafiki yangu alikuwa anamfahamu mtu wa pale. Wiki nane nzima nikawa napiga fotokopi, nafuata chai ya maofisa, napeleka bahasha. Faili lenyewe sikuruhusiwa kufungua, nikiambiwa kijana hivyo ni vitu vya siri vya wateja. Supavaiza wa chuo alikuja siku moja, akakaa kama dakika kumi, akasaini logbuku ambayo nilikuwa nimeijaza mwenyewe kwa kunakili ya mwenzangu wa mwaka uliopita, akaondoka. Nikapata A ya fildi. Ile A inaniuma mpaka leo.

Na ilikuja kumuumiza mtu mwingine. Miezi michache baada ya kupata kazi ya kwanza nilipewa faili la mama mmoja wa Kariakoo, anauza vyombo vya jikoni, mzigo umetoka Yiwu umepakiwa bandari ya Ningbo. Invoisi ilikuwa ya FOB, yani bei ya mzigo uliopakiwa melini, bila nauli ya meli wala bima. Sasa kwenye Afrika Mashariki thamani ya forodha kwa mzigo wa meli inahesabiwa kwa CIF, yani bei ya mzigo ujumlishe na bima na nauli ya meli mpaka bandari ya kushukia, hilo nililisoma na kwenye mtihani nililiandika vizuri. Ila pale mbele ya skrini na bosi anapiga simu kila baada ya nusu saa nikaingiza bei ya invoisi kama ilivyo, nauli na bima sikuziweka. Forodha wakairudisha, wakauliza maswali, ikabidi turekebishe, tutafute ushahidi wa nauli kutoka kwa wakala wa meli, katikati ikaingia wikiendi na sikukuu. Siku kumi na moja. Hapo storeji ya bandari ilikuwa inasoma, demareji nayo, yani tozo ya kukaa na kontena kupita muda, ilikuwa inasoma, kwa dola, kila siku iliyolala. Yule mama alikuja ofisini akakaa kwenye benchi, hakupiga kelele, alitoa kidaftari kidogo kwenye pochi akawa anajumlisha kwa kalamu ya risasi, anafuta, anajumlisha tena. Ule mzigo alikuwa amekopa vikoba. Nilikatwa mshahara miezi minne na nilistahili, lakini hela niliyokatwa haikufika hata robo ya alichopoteza yeye.

Kosa lile ningelifanya chuoni, kwenye mzigo wa kuigiza, lingemgharimu nani? Hakuna. Lekcha angelizungushia duara jekundu, ningekasirika jioni moja yakaisha. Tumelihamisha darasa la vitendo kutoka chuoni tukalipeleka kwenye mitaji ya watu, na wanaolipa ada ya hilo darasa ni akina mama wa Kariakoo na wakulima wa ufuta.

Wakuu wa vyuo, nawaheshimu sana na naomba msinielewe vibaya, ila kuna jambo la noti za darasani. Nimekuwa nikiwaomba vijana wanaokuja ofisini waniachie nione madaftari yao. Nimekuta noti zinafundisha DAT (kukabidhi mzigo teminali) kwenye Incoterms, yale masharti ya kimataifa ya nani analipa nini na hatari ya mzigo inahama wapi. DAT ilitolewa, tangu toleo la 2020 lilipoanza kutumika mahali pake kuna DPU (kukabidhi mzigo ukishashushwa), masharti yote yako 11. Nimekuta nyingine zinasema kwenye FOB hatari inahama pale mzigo unapovuka ukingo wa meli, hiyo ni lugha ya toleo la 2000, tangu 2010 hatari inahama mzigo ukishawekwa ndani ya meli. Mtu anaweza kuona ni neno tu, ila muulize aliyedondoshewa mzigo na kreni kama ni neno tu. Na hakuna noti hata moja niliyoiona inayowaambia kwamba kwa mzigo wa kontena ICC wenyewe, Chemba ya Kimataifa ya Biashara inayotunga masharti haya, wanashauri FCA, yani hatari inahama muuzaji akishamkabidhi msafirishaji mzigo, badala ya FOB, maana muuzaji anaikabidhi kontena kwenye yadi siku kadhaa kabla meli haijafika, sasa katikati hapo likiharibika ni la nani? Hilo swali linakuja mezani kwangu kila mwezi.

Ushuru hivyo hivyo. Ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki ulikuwa na viwango vitatu, 0, 10 na 25, na tangu Julai 2022 kimeongezeka cha nne cha asilimia 35. Juzi juzi kijana amemaliza chuo ananihesabia viwango vitatu, kwa kujiamini kabisa, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa. Na simlaumu lekcha peke yake, lekcha naye hana mtu wa kumwita bandarini akaona mambo yamebadilikaje, naye amefungiwa geti lile lile.

Alafu fikirieni tupo wapi. Hapa siyo kijiji cha mbali kisichojua meli. Bandari ya Dar inahudumia Zambia, Kongo, Malawi, Burundi, Rwanda na Uganda, nchi ambazo hazina bahari au bahari yao iko mbali na migodi na masoko yao. TAZARA kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa ajili ya hili hili jambo, watu walikufa porini kuijenga. Tumo Afrika Mashariki, tumo SADC, na biashara ya Eneo Huru la Afrika ilipoanza kujaribiwa kwa vitendo Oktoba 2022 Tanzania ilikuwa kwenye kundi la nchi za mwanzo kabisa. Kongo imeingia Afrika Mashariki 2022 na Somalia 2024. Pale Ubungo palipokuwa na stendi ya mabasi ya mikoani saivi kuna kituo kikubwa cha biashara. Reli mpya inafika Dodoma. Kila nikiwasha redio nasikia fursa, fursa, fursa. Sawa, fursa zipo na mimi nazila kila siku, lakini fursa ya biashara ya kimataifa haina sura nyingine zaidi ya karatasi. Ni cheti cha uasili, kinachoonyesha bidhaa imetoka nchi gani, kimejazwa vizuri ili mteja wako wa Nairobi au Accra asitozwe ushuru. Ni cheti cha afya ya mimea kabla parachichi za Njombe hazijafungwa. Ni namba ya HS, ile ya kutambulisha aina ya bidhaa forodhani, iliyo sahihi. Kijana asiyejua kuzijaza hizo anaiangalia fursa kupitia dirishani kama mimi nnavyoangalia malori.

Niseme kidogo kuhusu mabenki maana huko ndo pagumu zaidi. Kuna jamaa ananunua ufuta kusini anauza nje, alipata mteja wa kulipa kwa LC, yani ahadi ya benki kumlipa muuzaji akileta nyaraka sahihi, akafurahi sana, kijana wa ofisini kwake akakaa na nyaraka anasubiri cheti kimoja, akazipeleka benki siku ya 24 tangu mzigo upakiwe. Kanuni za kimataifa za LC, UCP 600, zinazotumika tangu 2007, zinasema usipopewa muda mwingine kwenye LC yenyewe una siku 21. Benki inaangalia karatasi, haiangalii ufuta. Ufuta ulikuwa msafi, ule mweupe, na tayari uko baharini, na mnunuzi alivyoona nyaraka zimechelewa na bei ya soko imeshuka akaomba punguzo, jamaa angefanyaje? Akakubali. Wale wakulima wa Lindi walioambiwa bei ya msimu uliofuata hawajui kwamba sehemu ya bei yao imeliwa na siku tatu za kijana mmoja ambaye hajawahi kuona LC kabla ya ile. Mameneja wa benki, nyie mna makabati yamejaa nyaraka za LC zilizokwisha zamani. Zibeni majina, zibeni namba za akaunti, pelekeni seti ishirini tu kwa kila chuo, nzuri kumi na zenye makosa kumi, watoto wakae nazo watafute makosa wenyewe. Hiyo haihitaji bajeti ya bunge.

Wakubwa wa bandari na makampuni mnaoendesha magati, najua mambo ya usalama, kreni haina masihara, na sitaki mwanafunzi hata mmoja aumie. Ila wekeni siku. Hata siku moja kwa wiki, wanafunzi ishirini ishirini, reflekta, helmeti na buti, wapitishwe waone kontena linavyoshushwa, linavyokaguliwa sili, linavyopelekwa kwenye skana, linavyotoka getini na karatasi gani. Mwanafunzi wa udaktari anaingia wodini akiwa bado anasoma, na wodini kuna uhai wa mtu. Sisi tumeshindwaje kumwingiza mwanafunzi wa biashara kwenye yadi ya makontena?

Forodha, ombi langu kwenu ni moja ila ni kubwa, tupeni mfumo wa mazoezi. Mfumo ule ule, skrini zile zile, ila data za kubuni na kodi za kubuni, vyuo vipewe namba za kuingilia. Mtoto atengeneze deklaresheni mia moja za uongo, akosee sabini, mfumo umrudishie kama unavyoturudishia sisi. Akija kwangu anakuja ameshakosea. Mimi sitafuti kijana asiyekosea, natafuta kijana ambaye makosa yake ya kwanza hayakulipwa na mteja wangu. Nyie mnalalamika kila siku kwamba deklaresheni zina makosa na zinachelewesha mizigo, na ni kweli zina makosa, mengi yanatoka kwa vijana wanaojifunzia kazini kwa kuangalia begani kwa mtu.

Kuhusu ratiba ya fildi nitakaa hapa kidogo maana wengi hawalioni. Kuanzia Julai mpaka Septemba ofisi yangu hii ndogo inapokea barua za fildi mpaka nakosa pa kuziweka, kuna siku nilipokea 9, nafasi ninayo moja au mbili. Vyuo karibu vyote vinafungulia wakati mmoja kama bomba. Ikifika Novemba, Februari, Aprili, hamna hata mmoja, na hiyo ndo miezi ambayo ningeweza kukaa na kijana nikamfundisha vizuri faili moja kutoka mwanzo mpaka mwisho. Na wiki nane ni chache, mzigo wenyewe ukitoka China unaweza kukaa baharini mwezi na zaidi, mwanafunzi anaanza na faili anaondoka meli haijafika, hajaona mwisho wake. Kwanini vyuo visikae pamoja na wizara mkagawana mwaka, hawa waje mwanzo wa mwaka, wale katikati, na wakae miezi minne hadi sita? Nauli nayo muiangalie. Siyo wote wana bumu, kuna mtoto anatoka Chanika au Mbagala Chamazi anapanda magari mawili kwenda mawili kurudi na mchana hajala, huyo atajifunza nini saa nane mchana? Mimi nawapa wa kwangu nauli na chakula, siyo kwamba nina hela, ila nimekumbuka nilivyokuwa nashinda na maandazi mawili.

Na wenzangu wenye maofisi ya kuklia, tusijifiche nyuma ya serikali. Sisi ndo tunaoandika kwenye tangazo la kazi uzoefu miaka mitatu alafu mwanafunzi akija kuutafuta huo uzoefu tunamtuma chapati. Kama huna muda wa kumfundisha mwambie ukweli akatafute kwingine, usimpotezee wiki nane za maisha yake. Kile cheti cha Afrika Mashariki cha uwakala wa forodha wengi wetu tumekipata tayari tukiwa kazini, tunajua kabisa tulifaulu kwa sababu tulikuwa tumeshashika mafaili.

Kuna jambo la mabinti na nitalisema wazi. Binti aliyefanya fildi kwangu mwaka juzi aliniambia kabla ya kuja hapa alishaacha sehemu mbili, kote alitakiwa kulipa kwa mwili wake ili asainiwe logbuku. Alilia wakati ananiambia na mimi nilikosa cha kumjibu. Rushwa ya ngono ni kosa la jinai, ipo kwenye sheria ya kuzuia rushwa ya 2007 kifungu cha 25, siyo utani wa ofisini. Vyuo, mkimtuma binti wa watu mahali mpeni namba ya kupiga, ya mtu anayepokea, siyo ya ofisi inayoita mpaka inakata, na mahali palipolalamikiwa mpafute kwenye orodha yenu. Tunapoteza mabinti wenye akili kali kwenye hii kazi kabla hawajaanza.

Sasa nataka niwaambie mahali ambapo shule ipo tayari na hamjaijua. Kariakoo. Nendeni mitaa ya Kongo, Aggrey, Narung'ombe, mtakuta mama hajamaliza hata kidato cha pili, ila muulize mzigo wake una CBM (mita za ujazo) ngapi atakwambia hapo hapo bila kikokotozi, anajua kontena ya futi 40 inameza mabalo mangapi ya vitenge, anajua mwezi gani viwanda vya China vinafunga kwa mwaka mpya wao kwaiyo oda ya pasaka inatakiwa iwekwe lini, anajua wakala gani wa Guangzhou anachanganya mizigo ya watu bila kuipoteza. Wateja wake wanatoka Lubumbashi, Lusaka, Lilongwe, Moroni. Yule wa Lubumbashi wanaelewana kwa Kiswahili na wanakopeshana kwa neno tu, na hela inarudi. Hiyo ni biashara ya kimataifa iliyokamilika, imani kati ya watu wa nchi mbili ndo kitu kigumu kuliko vyote na yeye anayo. Anachokosa yeye ni karatasi, na wanachokosa vijana wa chuo ni yeye. Mwalikeni aje kufundisha, mlipeni kama mnavyomlipa mgeni wa semina hotelini, mpeni kiti cha mbele. Na mpeni mwanafunzi mmoja mmoja wa kumjazia nyaraka zake msimu mzima, wote wawili watapona.

Niliwahi kumwambia hivi mkubwa mmoja kwenye banda pale Sabasaba, akanisikiliza vizuri kabisa, akaniambia andika uniletee. Nikaandika kurasa mbili nikapeleka, nikagongewa muhuri wa kupokelewa. Muhuri ninao. Ndo maana safari hii naandika mbele ya watu wote.

Yule kijana wa shati jeupe nimemchukua. Hana mshahara wa maana kwa sasa, ana nauli, chakula na faili moja la kontena mbili za vipuri vya mitambo zinazoenda Ndola. Jana alinifuata saa kumi na mbili jioni nikiwa nafunga ofisi akaniambia kaka, uzito kwenye pakingi listi na uzito kwenye BL haufanani, kuna tofauti ya kilo 340, tuulize kabla hatujatuma. Tukarudi ndani, tukawasha taa, tukaandika barua pepe kwa msafirishaji. Alikuwa sahihi, walikosea wao. Ana wiki mbili tu toka aione BL kwa mara ya kwanza.

Meli yake inatarajiwa kuingia Alhamisi. Nimemuombea kibali cha kuingia yadi akalione kontena lake likifunguliwa kwa ukaguzi, barua nimeipeleka Jumatatu saa tatu asubuhi, nimeambiwa nisubiri, na mpaka muda huu naandika sijajibiwa. Kama kati yenu kuna anayeweza kuisaini hiyo barua, ipo mezani kwenu, ni ukurasa mmoja.

Wakala wa forodha, Kurasini, Dar es Salaam